Mtoto Aliyepewa Taru

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nipitapo Ramisi, mwanangu, na leo nataka uichukue pamoja na nguo zako. Najua una haraka. Sanduku limefungwa, Jumatatu unaripoti shuleni kuanza kufundisha, na simu yako imejaa maswali ya marudio uliyoyakusanya: ya hadithi, ya methali, ya ufahamu, ya kufungulia kipindi na ya kukifungia. Jana ulinionyesha, nikayasoma yote kwa miwani yangu hii iliyovunjika mkono. Ni maswali mazuri. Lakini mwenye jembe zuri bado hajalima, kwa hiyo kaa hapa unywe chai yako nikusimulie nilivyofundishwa kuuliza.

Nilikuwa na umri kama wako. Nimetoka chuo cha ualimu karibuni, nimepangiwa shule moja ya Ramisi, kando ya mashamba ya miwa, darasa la nne, somo la Kiswahili. Mimi mtoto wa Diani, nimelelewa na mama aliyesahihisha hata salamu za wageni, basi nilijiona Kiswahili ni changu na wengine wote wamekiazima kwangu. Usicheke. Wewe nawe nimekusikia ukiwasahihisha wauza samaki wa Ukunda, na samaki wenyewe ukauziwa waliolala.

Kila asubuhi nilifungua kipindi kwa maswali ya haraka. Nasimama mbele, nawauliza: "Jana tulisoma hadithi ya nani?" Darasa zima linajibu kwa sauti moja: "Ya Bi Kidawa!" "Alipika nini?" "Wali!" "Wali uliiva?" "Haukuiva!" "Mmeelewa?" "Tumeelewa, Mwalimu!" Watoto wale wengi walikuwa wamelelewa madrasa, ambako aya husomwa kwa pamoja mpaka ikae moyoni, na sauti zao zilipanda na kushuka vizuri mno. Hata wenye matrekta ya miwa waliokuwa wakipita barabarani walinipungia mkono. Nikaamini kwamba kutoka Likoni hadi Lunga Lunga hakuna mwalimu mfano wangu.

Siku hiyo ninayokuambia, maswali yamepamba moto, mlangoni akasimama mtu mrefu, mwembamba, miguu imejaa majivu ya miwa iliyochomwa. Alikuwa Nyamawi, baba yake Mbeyu. Hao walikuwa watu wa Taru, wafugaji wa Kiduruma, waliohamia Ramisi kukata miwa baada ya ukame kuwamalizia ng'ombe. Mbeyu alikaa dawati la nyuma karibu na dirisha, na sitakudanganya, mpaka siku ile nilikuwa sijaijua sauti yake peke yake ikoje.

"Karibu, Mzee," nikamwambia.

"Ahsante, Mwalimu, sikai. Nimekuja kukuarifu tu. Muhula ukiisha, Mbeyu anarudi Taru kwa bibi yake. Bibi ana mbuzi na miguu haimchukui tena. Huku nikimuuliza mtoto amesoma nini, ananyamaza. Kama ni kunyamaza, heri akanyamaze na mbuzi."

"Mzee, Mbeyu anajua. Darasa langu wanajua wote. Si umewasikia mwenyewe?"

"Nimewasikia, na wanapendeza. Sasa muulize yeye."

Nikamgeukia Mbeyu kwa tabasamu, maana swali lilikuwa lile lile la kila asubuhi. "Mbeyu, kwa nini wali wa Bi Kidawa haukuiva?" Mtoto akasimama, akatazama vidole vyake. Wenziwe wakataka kumjibia, nikawanyamazisha. Nilisikia mpaka kunguru juu ya bati. Nyamawi hakunikemea, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Siku ya wazazi, siku moja kabla ya kufunga, nitakuja," akasema. "Akisema neno mbele za watu kama mtu aliyesoma, atabaki hapa. Asiposema, tutakwenda zetu, na sina lawama na wewe." Akaaga kwa adabu, akarudi kwenye miwa yake.

Sasa, chumba cha pili alikuwa akifundisha Mwalimu Mwinyi, mzee wa Msambweni aliyebakiza kidogo tu astaafu, na ukuta wa kati haukufika kwenye paa. Kila nilichosema alikisikia, apende asipende. Wakati wa chai akaniita kando, akanipa kikombe, akaningojea nipige funda la kwanza.

"Mwanangu," akasema, "tangu uje hapa nimesikia jibu kila asubuhi. Sijamsikia mtoto."

Nikamuuliza maana yake, ingawa nilikwisha kuielewa.

"Wakijibu wote, wanaojua wanawabeba wasiojua mgongoni, nawe ukitazama unaona wote wamefika. Muulize mmoja mmoja. Na akikosa, asijute kwa nini alikuja shule."

Chai yote ilinitumbukia nyongo. Mimi, binti wa Diani, kuambiwa vile! Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu nilikuwa bado nalihitaji. Kesho yake nikaanza kuuliza mmoja mmoja kwa jina, na mambo yakazidi kuharibika. Aliyekosa alichekwa. Aliyejua aliinamisha kichwa nisimwone. Darasa lililokuwa likisikika mpaka barabarani likawa kama nyumba iliyofiwa, na siku ya wazazi inakuja.

Lililonitoa huko sikulipata kwenye vitabu vya ualimu. Siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa nikichota maji ya kunawa, nikasikia kicheko nyuma ya tangi. Nikachungulia. Watoto wamekaa duara, na katikati, amini usiamini, ni Mbeyu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia miibani."

Wakafikiri. Mmoja akasema ni nungu, mwingine akasema ni nyuki. "Toa mji," akaamuru Mbeyu, na yule wa kwanza akasema bila kinyongo, "Nakupa Msambweni."

"Nilipokwenda Msambweni," Mbeyu akaanza, kwa sauti nzuri isiyo na wasiwasi wowote, "watu wa Msambweni wakanipokea, wakanitandikia mkeka, wakanipa samaki wa kupaka. Nikala mpaka nikasahau njia ya kurudi. Nilipokumbuka, wakaniambia jibu ni nanasi." Wakacheka wote, na aliyecheka zaidi ni yule aliyekosa.

Nilisimama pale na ndoo yangu mpaka maji yakafurika. Nyinyi mmekua na simu, huenda mchezo huu mnausikia tu kwa bibi zenu, lakini hebu uangalie vizuri. Asiyejua jibu hapigwi, hafukuzwi, haambiwi mjinga. Anaombwa mji, anautoa kama mtu mwenye mali, na aliyeuliza anausafiria, anausifu, kisha anampa jibu. Aliyekosa anaondoka amepata jibu na heshima yake anayo. Wazee wetu walilijua hilo kabla sijazaliwa, nami nimelala nalo nyumba moja miaka yote bila kulitambua.

Nikamweleza Mwalimu Mwinyi, nikidhani atasema vitendawili ni vya jioni nyumbani. Akakuna ndevu zake. "Ni jambo jema," akasema, "ila weka sharti. Aliyetoa mji leo, kesho mrudishie swali lile lile. Akijibu, mrudishie na mji wake. Usipofanya hivyo watakuwa wagawaji wa miji tu." Ndivyo tulivyofanya. Kila asubuhi nikatupa swali, nikanyamaza kidogo kila mtu alitafute jibu kichwani mwake, kisha nikataja jina. Anayejua anajibu. Asiyejua anatoa mji, nami nasafiri. Wiki ya kwanza nilizuru Kombani, Shimoni, Mazeras na Makka, maana yupo mmoja aliyekuwa na mkono wazi.

Zamu ya Mbeyu ilipofika, alisimama akitazama vidole vyake kama desturi. Nikangoja. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Nakutoa... nakupa Taru."

Nikafurahi mno, nikaruka na safari yangu. "Nilipokwenda Taru, wenyeji wakanilaki, wakanikalisha kivulini chini ya minazi yao mirefu..."

"Mwalimu," akasema Mbeyu, "Taru hakuna minazi."

Darasa zima likageuka nyuma. Mwenyewe alishtuka kujisikia. Mwanangu, nimewahi kusifiwa na wakaguzi, nimewahi kupewa leso na wazazi, lakini hakuna sifa iliyoniingia kama kukosolewa na mtoto yule.

"Basi kuna nini?" nikamuuliza.

"Kuna migunga. Na vumbi jekundu. Na mbuzi wakivuka barabara kubwa, malori yanapiga honi na mbuzi hawajali."

"Kumbe mimi siijui njia. Nipeleke wewe."

Akanipeleka. Alisimulia Taru yake mpaka kengele ikalia, na waliokuwa wakimcheka wakamuuliza maziwa ya mbuzi yana ladha gani. Kesho yake nikamrudishia swali, akalijibu, akarudishiwa mji wake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema, nami nikausikia mshindo wenyewe. Toka siku hiyo darasa halikuwa langu tena. Watoto wakaanza kuulizana wao kwa wao, na maswali yakaota meno. Kwanza yalikuwa "alipika nini," sasa yakawa "wewe ungekuwa jirani yake ungemwambia nini," "hadithi ingeanzia mwisho ingekuwaje," "methali ipi inamfaa na kwa nini." Mimi kazi yangu ikabaki kukaa pembeni na kusikiliza.

Siku ya wazazi ikafika. Lilisimamishwa turubai uwanjani, mabenchi yakapangwa, akina mama wakajaa na kanga zao, na mwalimu mkuu akavaa koti licha ya joto. Darasa langu likasoma hadithi ya Bi Kidawa mbele za watu. Bi Kidawa huyo aliinjika wali wa harusi, akaupalia makaa juu ya mfuniko kama ipasavyo, lakini hakuwa na subira. Kila mara anafunua atazame, anafunika, anafunua tena, mpaka wageni wakafika na wali ni mbichi. Watoto walisoma kwa zamu, vizuri kabisa, lakini macho yangu mimi yalikuwa njiani, maana Nyamawi hakuwepo. Na Mbeyu naye alikuwa akitazama njiani.

Hadithi ikaisha, wakaanza kuulizana. Hapo ndipo alipotokea, ametoka moja kwa moja kwenye miwa, majivu miguuni, akasimama nje ya turubai kama mtu asiyetaka kuchafua shughuli ya watu. Na kwa bahati zamu ilikuwa imefika kwa Mbeyu, zamu ya kuuliza. Mimi nilitamani angepewa swali ajibu, nimalize hofu yangu. Mtoto akanitazama, akamtazama baba yake, akasogea mbele.

"Swali langu nampa Baba," akasema. "Shikamoo, Baba."

Mtoto kumuuliza mzazi wake mbele ya kadamnasi, kwetu si jambo dogo, na ikiwa mzee angeona amevunjiwa heshima, basi Mbeyu angelala Taru siku ile ile.

"Marahaba," akajibu Nyamawi taratibu. "Uliza."

"Kwa nini wali wa Bi Kidawa haukuiva?"

Lilikuwa swali lile lile, mwanangu. Lile alilolisikia mlangoni kwangu bila kusikia jibu. Nyamawi akasimama nalo. Akavua kofia yake.

"Nimechelewa, sikuisikia hadithi," akasema. "Sijui."

Darasa langu halikungoja. "Toa mji!" wakaitikia wote, na hapo ndipo nilipofurahia sauti moja kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu Mwinyi aniite kando. Mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Lakini Nyamawi naye aliwahi kuwa mtoto, alikalishwa jikoni kwa bibi yake, na mchezo aliujua. Uso ukamlainika.

"Haya. Nakupa Taru."

Mbeyu akafunga mikono nyuma. "Nilipokwenda Taru," akasema, na sauti ikafika mpaka kwa wauza madafu nje ya lango, "nilimkuta Bibi amekaa mlangoni. Akanipa maziwa, akaniuliza, mjukuu wangu, umekuja kukaa? Nikamwambia, la, Bibi, nimekuja kumchukulia Baba jibu. Akacheka. Akasema, mwambie baba yako kwamba Bi Kidawa alikuwa akifunua sufuria kila mara, mvuke ukatoka, wali ukabaki mbichi. Wali ulitaka kuachwa tu. Nami nikamuaga Bibi, nikarudi Ramisi na jibu."

Vigelegele vilivyopigwa pale havikuwa na mwalimu wa kuvizuia. Watu walimtazama Nyamawi, naye aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona anafanya yote mawili. Mtoto hawezi kumwambia baba yake "umekosea" mbele za watu, wala asithubutu. Lakini mchezo humpa msafiri ruhusa ya kusema aliyoambiwa huko alikokwenda, na Mbeyu alikwenda Taru akatuletea maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuyasema.

Mwalimu mkuu, aliyekuwa ameelezwa sharti letu, akasimama na koti lake. "Mzee Nyamawi, kwa sheria za darasa la nne, kesho ukija ukalijibu swali hili utarudishiwa mji wako."

Nyamawi akavaa kofia. "Kesho nina miwa," akasema. "Taru nimeshampa. Ni yake, atakwenda atakapotaka."

Nililia, na aliyeniuliza nikamwambia ni majivu ya miwa. Mwalimu Mwinyi alikuwa amekaa nyuma yangu. Akaniinamia sikioni, akasema maneno matatu tu: "Leo nimemsikia mtoto." Na bibi wa Taru, ikiwa una wasiwasi naye, aliletwa Ramisi likizo ile ile pamoja na mbuzi zake, wakanenepa kwa majani ya miwa mpaka majirani wakawa wanawasalimia kwa jina.

Basi sikiliza, mwanangu, maana chai imekwisha. Maswali yako ya simuni yachukue, lakini usiyamwage yote kama mtu anayemwaga mtama kwa kuku. Machache yanatosha, haba na haba hujaza kibaba. Uliza kwanza, nyamaza, kisha ndipo utaje jina, kwa sababu ukitaja jina mwanzo wengine wote wanakwenda kupumzika. Usiulize "mmeelewa?" Hilo si swali, hiyo ni salamu, na kila mtoto mwenye adabu ataiitikia. Uliza lile ambalo jibu lake lina "kwa sababu" ndani yake. La jana lirudie leo, la leo lirudie wiki ijayo, kwani kinachorudiwa ndicho kinachokaa. Na mtoto akikosa, mwachie mahali pa kutokea. Mpe njia ya kusema sijui na abaki mtu, utaona kesho atakuja na jibu mwenyewe bila kuvutwa. Usiwe na pupa ya kufunua sufuria. Wapo wa kuiva mapema na wapo wa kuiva mwisho, na wali wa mwisho mara nyingi ndio wenye ukoko mtamu.

Nenda, na Mwenyezi Mungu akutangulie. Akupe sauti isiyotisha na masikio yasiyochoka. Akujalie watoto watakaokukosoa kwa haki, na akuepushe na darasa linaloitikia tu. Amina.

Jambo moja zaidi kabla hujabeba sanduku. Uliponitajia shule uliyopangiwa nilinyamaza, nikitaka kwanza uisikie hadithi. Mwalimu mkuu atakayekupokea Jumatatu ni Bi Mbeyu binti Nyamawi. Msalimie sana. Atakuuliza swali, namjua, hawezi kujizuia, na ukikwama usione haya, toa mji. Mpe Kwale, mpe Diani yetu hii, mpe hata Makka. Ila usimpe Taru, hiyo anayo.